Kalibu Katika Oveni ya Oleta

Kalibu baridi haikupi kitu. Hilo baba yangu alinifundisha kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Ukimimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu iliyotoka kwenye baridi ya Januari, vichwa vya risasi vinatoka na makunyanzi kama uso wangu, kimoja kimejaa nusu, kingine kimemeguka ukingo, na unavirudisha vyote chunguni huku unajitukana mwenyewe. Lazima uipashe kwanza. Ikikolea moto, vichwa vinadondoka laini, vinang'aa, mpaka unaona raha kuvitazama.

Naanza na kalibu makusudi. Watu wa hapa bondeni wakisimulia habari hii wanaanza na mtoto, halafu wananyamaza na kunitazama kwa pembeni. Haya, mimi Arvil Cantrell naanza na kalibu. Kwa mtoto nitafika, msinisukume.

Kalibu yenyewe ni ya baba: vipande viwili vya chuma vyenye mikono ya mbao kama koleo. Ukivifumba vinaacha matundu mawili yenye umbo la kichwa cha risasi, na juu pana kibao kidogo cha chuma kinachozunguka, ambacho hukata mabaki risasi ikishaganda. Bunduki pia ni ya baba, ya zamani, mdomo mpana, na vichwa vyake dukani huvipati, na ukivipata ni vya kipuuzi. Kila mwaka karibu na sikukuu ya Shukrani ya Novemba kulungu mmoja au wawili huingia kwenye friza letu kwa vichwa nilivyomimina kwa mkono wangu. Miaka arobaini na tatu ilikuwa hivyo. Nyie mnaonunua nyama iliyofungwa kwenye plastiki, shauri yenu.

Kuyeyusha nayeyushia kibandani, hatua thelathini kutoka mlango wa nyuma. Dirisha wazi, feni inasukuma moshi nje. Mimi si mjinga. Nimefanya kazi ya matairi miaka ishirini na minane, na risasi yangu yote ni vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu, ndoo kumi na moja zimejaa, na najua kama mtu mwingine yeyote kwamba risasi ni sumu. Sijawahi kuyeyusha ndani ya nyumba ya mke wangu Oleta hata siku moja. Hilo niliwaambia wote, na ni kweli.

Tabu ilikuwa kupasha. Kibandani wakati wa baridi hata ndevu zinaganda. Nilijaribu jiko dogo la umeme, nikaweka juu yake msumeno wa mviringo uliokwisha meno na kalibu juu ya msumeno. Nusu saa nzima, chuma bado kinanicheka. Wako wanaochovya pembe ya kalibu moja kwa moja ndani ya chungu. Mimi sitaki, maana chuma kikiwa na tone moja la unyevu, chungu kinakulipukia usoni. Sasa Jumamosi moja, miaka sita iliyopita, Oleta alikuwa ametoka kuepua mkate wa mahindi, oveni bado inawaka, nikajiambia: moto huu si ndio wenyewe? Nikaitia kalibu. Dakika ishirini. Nikavaa glavu ya Oleta ya kuepulia vyombo, nikatoka nayo mbio hadi kibandani, na kichwa cha kwanza kabisa kikatoka safi. Cha kwanza! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Oleta hakucheka.

"Arvil, hicho kidude chako kimeingia kwenye oveni yangu?"

"Ni chuma tu, mke wangu. Kwani sufuria yako ya mkate si chuma?"

"Sufuria yangu haijaua mtu."

"Mkate wa juzi ulikaribia."

Alinirushia kitambaa cha vyombo, akaguna, akaniachia. Toka siku hiyo kila Jumamosi ya baridi ikawa hivyo: mkate ukitoka, kalibu inaingia. Nilishinda mabishano. Mimi hushinda mabishano mengi, muulize yeyote.

Glavu niliivaa hata huko kibandani, maana ukishamimina lazima usukume kile kibao cha juu, na wengine wanakigonga kwa kirungu lakini mimi nakisukuma kwa mkono, kwa kidole gumba. Kazi inakwenda haraka. Makombo ya risasi yakibaki, nayapangusa kwa glavu hiyo hiyo. Nikimaliza, narudi ndani naitundika kwenye msumari wake karibu na oveni. Naosha mikono. Nilikuwa naosha mikono kwa sabuni mara mbili, Oleta ni shahidi.

Oktoba ya mwaka juzi binti yetu Tamra akarudi nyumbani na mtoto. Mumewe alikuwa amepata mwingine, na ya huyo mwanaume naomba nisiyaseme, nitaharibu siku. Tamra akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko mjini, akawa anaondoka saa nne za asubuhi, na mchana kutwa mtoto akawa wetu, mimi na Oleta. Raelin. Mwaka mmoja na miezi minne, nywele nyekundu kama za mama yangu mzazi, na sauti ya kuamsha wafu.

Nilikuwa sijui kwamba mzee wa miaka sabini na moja anaweza kupenda kiasi kile. Nasema wazi. Tamra alipokuwa mdogo nilikuwa chini ya magari ya watu. Huyu nilikuwa naye. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimbeba dirishani kuwatukana majogoo wa jirani.

Alikuja anaota meno, analia, anakataa kila kitu. Siku moja nikachukua ile glavu. Oleta aliinunua kwenye mnada wa kanisa: ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi, ameshonewa masikio mawili juu, na mdomo ni pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Nikaivaa, nikamfanyisha ng'ombe aseme, "Mmuuu! Nani anapiga kelele kwenye zizi langu?" Mtoto akanyamaza. Akatazama. Akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akakamata kidole gumba cha ng'ombe, akakitia mdomoni, akakiuma kwa yale meno yake manne, na kilio kikaisha.

"Huyo umempatia dawa," Oleta alisema.

Toka siku hiyo jina la glavu likawa Mmuu. Asubuhi Mmuu, kabla ya kulala Mmuu. Lilikuwa neno la tano kwenye orodha yake. Oleta alibandika karatasi kwenye friji, kila neno jipya analiandika: Mama, paka, hapana, Babu, Mmuu. Kufika Krismasi yalikuwa tisa.

Baada ya Krismasi hayakuongezeka.

Sisi hatukuona. Tamra ndiye aliyeona. Mtoto hali, tumbo gumu, analia bila sababu, na karatasi ya friji imesimama palepale kwenye neno la tisa. Katikati ya Januari akampeleka kliniki, wakamtoa damu. Majibu yakaja kwa simu, Tamra amesimama jikoni na koti lake la kazi.

"Wamekuta risasi kwenye damu yake," alisema. "Kumi na moja."

"Kumi na moja si nyingi," nikasema.

"Baba, haitakiwi kufika hata nne."

Wiki iliyofuata akaja nesi wa wilaya, Bi Pruitt, mama mfupi mwenye viatu vya kiume, watu wake wako ng'ambo ya mlima. Mtu mwenye adabu, alikubali kahawa. Akakaa mezani na fomu zake, sisi watatu tumemzunguka, na Raelin miguuni pangu.

"Nyumba ya mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa thelathini na moja," nikasema. "Ilikuwa ya kampuni ya makaa ya mawe."

"Rangi ya madirisha ni ya zamani? Zile za zamani zilikuwa na risasi."

"Yote ya zamani."

Akaandika. Akauliza maji, akauliza midoli, akauliza udongo wa bustani. Kisha akaniinulia macho.

"Mzee Cantrell, kuna mtu humu anamimina risasi? Nauliza kwa sababu nusu ya wazee wa bonde hili wanamimina."

"Mimi," nikasema. "Lakini kibandani. Nje kule. Humu ndani hapana."

"Hakuna hatua yoyote ya kazi hiyo inayofanyika ndani?"

Sasa hapo nisikilizeni vizuri. Niliwaza kalibu. Siwezi kusema sikuwaza. Ilinijia mara moja, ikiwa pale kwenye waya wa oveni. Na mara ile ile nikajijibu: kupasha si kuyeyusha. Ni chuma kikavu, kinapata joto, kinatoka. Akiandika "oveni" kwenye fomu yake, basi kila mtu atanyoosha kidole kwangu, na rangi ya dirisha, ambayo ndiyo yenye makosa, itasahauliwa. Hayo yote yalipita kichwani kwa muda wa kumeza kahawa.

"Hapana," nikasema.

Oleta alikuwa akikoroga kahawa yake. Aliendelea kuikoroga. Bi Pruitt akageuza ukurasa.

Alipoondoka na Tamra akaenda kazini, Oleta akaweka kikombe chini.

"Umemdanganya yule mama."

"Nimemdanganya wapi? Kauliza kazi ya kumimina. Kalibu ikiwa tupu ina risasi gani?"

"Kama haina, kwa nini hukuitaja?"

"Na wewe kwa nini hukuitaja? Ulikuwa na mdomo."

Akainuka akaenda kuosha vyombo. Nilishinda tena.

Nikaikabili rangi. Mtu asiniambie sikuhangaika kwa ajili ya mtoto yule! Nililaani ile kampuni ya makaa kuanzia meneja wa kwanza hadi farasi wake. Nilifuata maelekezo ya Bi Pruitt neno kwa neno: usikwangue ukiwa mkavu, lowesha, funika sakafu, paka rangi mpya juu. Wiki tatu nilipiga magoti mbele ya kila dirisha la nyumba ile na mgongo wangu huu. Oleta alipiga deki asubuhi na jioni. Na Jumamosi, nikiwa nimechoka mwili na roho, niliepua kalibu kutoka oveni, nikaenda kibandani kupumzisha akili, nikarudi, nikatundika Mmuu kwenye msumari wake. Baadaye nikamchezesha mtoto, masikini, maana alikuwa analia sana siku zile.

Mwisho wa Februari wakampima tena. Kumi na tisa.

Tamra hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye ngazi na simu mkononi.

"Alhamisi Bi Pruitt anarudi na vipimo, atasugua kila kitu ndani ya nyumba hii," alisema. "Asipoiona inakotoka, mimi namchukua mwanangu tunakwenda Ohio kwa Shawna, yule niliyesoma naye. Ana chumba. Sitakaa hapa nikimtazama mwanangu anaharibika kichwa."

"Haharibiki kichwa."

"Baba, amesahau kusema paka."

Nilikwenda kuitazama ile karatasi ya friji. Ni kweli. Siku nyingi sikuwa nimelisikia neno paka, na paka mwenyewe alikuwa amelala pale pale kwenye zulia.

Alhamisi ikafika. Nesi alisema saa tatu. Saa mbili nilikuwa sijiwezi, nazunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga. Tamra yuko juu anaoga, Oleta yuko nje kwa kuku. Oleta alikuwa ameoka mkate wa mahindi wa kula na maharagwe mchana, umeshatoka, oveni ina moto. Mtu akiwa na wasiwasi mikono yake hufanya inachokijua. Nikaitia kalibu. Najua! Nesi yuko njiani na mimi natia kalibu. Nilijiambia nitaitoa kabla hajafika, nimimine vichwa ishirini tu, nitulie.

Dakika ishirini zikaisha. Nikachukua Mmuu kwenye kiti, Raelin alikuwa amemwacha pale. Nikaingiza mkono.

Kidole gumba kilikuwa kimelowa.

Kimelowa hadi ndani, na bado kina uvuguvugu wa mdomo wake. Nilisimama na mlango wa oveni wazi, joto linanipiga magotini. Nikavua glavu, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kidole gumba cha ng'ombe kilikuwa cheupe zamani. Sasa kilikuwa cha kijivu, kijivu kile ninachokijua mimi kuliko rangi nyingine yoyote duniani, na kwenye mshono palikuwa na chembe ndogo zinang'aa. Katikati ya kijivu palikuwa na sehemu moja safi kuliko pote, ya ukubwa wa mdomo wa mtoto.

Alikuwa ameilamba ikatakata.

Nikakaa sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini mimi sikuliwa. Nilikuwa nimemlisha mwingine. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na sauti ya ng'ombe juu.

Nisikilizeni nilichofikiri baada ya hapo, maana sitaki mnihurumie bure. Jiko la kuni lilikuwa hatua tatu kutoka pale, linawaka. Nilifikiri: itie humo. Glavu ikiungua, sumu imeondoka. Mtoto amepona, basi. Bi Pruitt atasugua madirisha, ataona rangi, ataandika rangi. Tamra hatakuwa na sababu ya kunichukia. Nitamnunulia mtoto ng'ombe mwingine. Nani atapata hasara?

Niliinuka. Nikafungua mlango wa jiko. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyooka kuelekea motoni nilipohisi mtu ameshika suruali yangu.

"Mmuu," alisema Raelin.

Nikaificha glavu mgongoni. Akazunguka nyuma yangu. Nikageuka. Akadhani ni mchezo, akaanza kucheka, anazunguka, mimi nageuka, yeye anazunguka, mkono umenyooshwa juu. "Mmuu! Mmuu!" Lilikuwa ndilo neno pekee alilolisema wiki nzima ile.

Nikatazama oveni. Zile nyaya zilizokaliwa na kalibu kila Jumamosi ya baridi. Mkate wa mahindi juu ya meza, umefunikwa kitambaa. Sakafu kutoka oveni hadi mlango wa nyuma, ambako nilipita na glavu inadondosha makombo kila Jumamosi, na mtoto huyu anatambaa na kucheza juu yake. Nilipoelewa ya glavu, yote hayo niliyaelewa kwa mara moja. Nikiichoma, hakuna atakayesugua oveni. Hakuna atakayesugua njia ya mlango wa nyuma. Mtoto ataendelea kula sumu, na namba itaendelea kupanda, na mimi nitakuwa napaka rangi madirisha.

Nikafunga jiko. Nikaiweka glavu juu kabisa ya friji, asipofika, na mtoto akaanza kulia kilio cha kweli.

Bi Pruitt akabisha hodi. Oleta akaingia kwa mlango wa nyuma na mayai kwenye aproni, Tamra akashuka nywele zimelowa. Wote watatu wananitazama kwa sababu ya kilio.

"Mzee Cantrell, tuanzie madirishani?" nesi aliuliza. Tayari alikuwa anafungua boksi lake la vipamba, vile vinavyogeuka vyekundu vikigusa risasi.

"Madirisha yaache," nikasema. Nikashusha glavu nikaiweka mbele yake mezani. "Anza na hii. Ukimaliza hii, oveni. Na sakafu mpaka kule mlangoni. Kalibu yangu imo ndani ya oveni hivi sasa. Huwa naipasha humo. Ulipouliza, nilikuficha."

Bi Pruitt akavunja kipamba kimoja dawa itoke, akakisugua kwenye kidole gumba cha ng'ombe, polepole, kana kwamba anampangusa mtu kidonda. Hakuhitaji kusubiri. Kipamba kilikuwa chekundu kabla hajamaliza kusugua.

"Hiyo ndiyo anayoitafuna," Tamra alisema. "Hiyo analala nayo."

"Sikujua ya glavu," nikasema. "Naapa, Tamra. Ya glavu nimeijua leo asubuhi."

"Uliulizwa, Baba."

"Nilifikiri kupasha—"

"Uliulizwa. Ukiwa umekaa kwenye kiti hicho. Yeye yuko miguuni pako."

Mabishano hayo sikuyashinda. Oleta akaweka mayai chini, moja likabingirika likavunjika, hakuliokota.

"Na mimi nilikuwepo," alisema. "Nilijua ya oveni, nikanyamaza."

Tamra akambeba mtoto hadi kwenye sinki. Akamwosha mikono kwa sabuni, akamwosha mdomo, akamwosha mikono tena, na mtoto anapiga mateke analilia glavu. Kisha akapanda juu naye. Tulisikia droo zinafunguliwa.

Bi Pruitt alimaliza kazi yake. Oveni nyekundu, sakafu nyekundu, msumari wa glavu mwekundu. Dirisha nililolipaka rangi, hakuna kitu. Alipokuwa anafunga boksi aliniambia, "Umefanya vizuri kusema, Mzee Cantrell. Ningeweza kuimaliza asubuhi nzima madirishani." Alitaka kunifariji, mama wa watu. Nilimwomba aondoke na ile glavu, nisiione tena.

Mchana gari la Tamra likaondoka kwenda Ohio. Nilitaka kumbusu mtoto, nikaona Tamra anatazama mikono yangu, nikaiweka mfukoni. Nikampungia kwa kichwa.

Oveni tuliitoa nje, ikachukuliwa. Wiki ile ile nilizibeba ndoo kumi na moja hadi kwa watu wa vyuma chakavu. Kalibu ya baba imo kibandani, mlango una kufuli, na ufunguo anao Oleta. Novemba iliyopita kulungu hakuingia kwenye friza. Watu wa bondeni walileta nyama, tukawashukuru, tukala.

Namba tunaambiwa kwa simu. Aprili kumi na tano. Juni kumi na moja. Septemba saba. Kila ikishuka Oleta analia kwa furaha na mimi pia nalia, ila mimi najua inashuka kwa sababu gani: kwa sababu mtoto hayuko kwangu. Karatasi ya friji ipo bado. Tamra akitaja neno jipya, Oleta analiandika. Paka limerudi mwezi wa saba, akaliandika upya, mara ya pili, kwa herufi kubwa.

Jumapili hii iliyopita, baada ya ibada, Tamra akapiga ile simu ya kuonana. Mara ya kwanza kunipigia mimi, si mama yake. Hatukuongea mengi. Aliuliza mgongo, nikauliza kazi. Kisha akasema, "Kuna mtu anakutaka," akashusha simu hadi sakafuni, na uso wa Raelin ukajaa kioo kizima, nywele nyekundu zimefungwa mafundo mawili.

"Babu," alisema. "Mmuu wapi?"

Maneno mawili yamefuatana! Oleta akanishika bega. Nikainua mkono mtupu mbele ya simu, huu huu, nikakunja vidole, nikafungua kidole gumba kama mdomo.

"Mmuuu," nikasema. Nikairudia kwa nguvu. "Mmuuu! Nani anapiga kelele kwenye zizi langu?"

Alitazama mkono. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kuketi chini, akaja mbio mdomo wazi, akauma simu, pale pale kilipo kidole gumba. Tulibaki tunaona giza na meno.

Simu ikavutwa. Nikauona mkono wa Tamra umeshika kitambaa chenye maji, unampangusa mtoto midomo, unampangusa ulimi, haraka, haraka.

"Ni simu tu, Tamra," nikasema. "Mimi niko huku."

"Najua, Baba," alisema, na akaendelea kupangusa.